Nyimbo Zilizoandikwa kwa Kutu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijana wa Kimarekani aitwaye Daniel Johnston alikuwa akirekodi nyimbo zake nyumbani kwa redio kaseti ya bei rahisi. Hakuwa na mashine ya pili ya kunakilia. Mtu alipomwomba kanda, Johnston aliketi tena kwenye kinanda, akabonyeza kitufe cha kurekodi na kuimba albamu nzima upya, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Akija mwingine, anarudia. Watu wawili waliodhani wana albamu moja walikuwa na kanda mbili zisizofanana kwa pumzi, kwa mwendo wala kwa makosa.

Kijana wa leo ataona huo ni wazimu. Faili la wimbo likinakiliwa mara elfu, nakala ya elfu haipungukiwi na chochote, ilimradi halikubanwa njiani. Kanda haiko hivyo. Kila nakala huacha kitu njiani na kuokota kingine kisichotakiwa. Hata hivyo wapo wanamuziki wa nyumbani, Marekani, Ulaya na Japani, ambao hadi sasa, kompyuta ikiwa mezani, wanarekodi kwa kaseti, wanapelekeana kazi zao kwa posta na kubishana hadi usiku wa manane juu ya aina ya kanda na mahali sindano ya mita ya sauti inapofaa kusimama. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia sauti ya kanda ina utamu. Juu ya utamu nakubaliana nao; wanaougeuza kuwa fumbo ndio ninaogombana nao. Utamu huo ni jumla ya kasoro za mashine, kila kasoro ina chanzo chake katika fizikia, na nyingi zinahesabika kwa hesabu za shule ya msingi.

Chukua kaseti yoyote iliyobaki ndani ya nyumba, uigeuze upande wenye uwazi. Utaona kanda ya hudhurungi ikipita mbele ya kipande kidogo cha sufi kilichobandikwa kwenye bati jembamba linalonesa. Ile hudhurungi ni kutu, kwa maana yake ya kikemia: oksidi ya chuma. Imetengenezwa kuwa vijisindano vyenye urefu wa karibu nusu ya elfu moja ya milimita, ikachanganywa na gundi, ikapakwa juu ya utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 3.81. Kila kijisindano ni sumaku. Kwenye kanda tupu sumaku hizo zinaelekea huku na huku, nguvu zao zinafutana, na jumla yake ni sifuri au karibu na sifuri.

Kurekodi ni kuzipanga. Maikrofoni inageuza sauti ya mwimbaji kuwa umeme, umeme unapita kwenye koili ya hedi, yaani kile kipande cha chuma king'aacho ambacho kanda inakikwangua ikipita. Hedi ina ufa usioonekana kwa jicho, wenye upana wa elfu moja au mbili za milimita. Kwenye ufa huo nguvu ya sumaku inachomoza nje na kuelekeza upya sumaku za kutu zilizo mbele yake kwa wakati huo. Vijisindano vyenyewe havisogei. Kinachogeuka ni mwelekeo wa usumaku ndani yake. Kanda inasonga, mpangilio unabaki. Siku ya kusikiliza mambo hugeuka: kanda inapita, sumaku zake zinaamsha umeme hafifu kwenye koili, kikuza sauti kinaukuza, spika inaimba.

Kaseti inakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Noti nzito ya besi yenye mitetemo 50 kwa sekunde inaandikwa kwa mawimbi ya urefu wa karibu milimita moja. Ungekuwa na macho ya kuona sumaku, ungeyapima kwa rula. Panda hadi mitetemo 10,000, pale zinapokaa "s" na "sh" za mwimbaji na ule mlio mkali wa njuga za tari, na wimbi linakuwa na urefu wa milimita 0.0048. Unene wa unywele mmoja unabeba mawimbi kama kumi na tano ya namna hiyo. Sasa weka uchafu kwenye hedi. Wahandisi wana kanuni inayosema kwamba kanda ikiinuliwa kutoka kwenye hedi kwa umbali sawa na urefu wa wimbi moja, sauti ya wimbi hilo inashuka kwa desibeli 55, maana yake haipo tena. Uchafu wa milimita 0.0048 unatosha kuua njuga zote, na besi hata haitajua kuna kilichotokea. Hiyo ndiyo sababu fundi redio alipopitisha pamba yenye spiriti juu ya hedi, ukadhani amekubadilishia mashine.

Kurekodi hakukuanzia nyumbani. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Huko ndiko mashine zilikokuwa: kubwa, za gharama, za kampuni. Mwaka huohuo, mjini Dresden, Ujerumani, mhandisi Fritz Pfleumer aliandikisha uvumbuzi wa utepe wa karatasi uliopakwa unga wenye usumaku. Alikuwa ametokea kwenye kazi ya kupaka michirizi ya rangi ya dhahabu kwenye karatasi za sigara, akaona kwamba ufundi uleule ungefaa kwa sauti. Kabla yake Valdemar Poulsen wa Denmark alikwisha kuonyesha mwaka 1898 kwamba sauti inaweza kuhifadhiwa kwenye waya wa chuma, lakini waya hujisokota, na ukikatika unaufunga fundo. Utepe unaukata kwa mkasi na kuuunga kwa gundi. Kampuni ya AEG ilichukua wazo la Pfleumer na kuonyesha mashine yake, Magnetophon, mjini Berlin mwaka 1935.

Mashine hiyo ilikuwa na sauti mbaya, na sababu inafaa kuelezwa kwa utulivu. Sumaku za kutu ni kaidi. Ukizisukuma kidogo, hazigeuki. Ukizisukuma zaidi, zinageuka kwa mkupuo. Sauti ya chini inapotea na sauti ya kati inatoka imepinda. Mwaka 1940 Walter Weber, mhandisi wa redio ya taifa ya Ujerumani, alikuwa na kikuza sauti kilichoanza kutetema chenyewe kwa kasi isiyosikika na sikio, na kanda iliyorekodiwa wakati huo ikatoka safi kuliko zote. Kumbe mtetemo ule wa ziada ulikuwa ukizitikisa sumaku bila kupumzika, zisipate nafasi ya kung'ang'ania zilipo, kisha sauti halisi inakuja na kuzielekeza kwa urahisi. Wengine walikwisha kuigusa mbinu hiyo, Marekani tangu miaka ya 1920, lakini ni kazi ya Weber iliyoifanya kanda ifae kwa muziki. Karibu kila mashine nzuri ya kaseti ina mtetemo huo, kwenye mitetemo 100,000 kwa sekunde hivi, mara tano ya kikomo cha sikio la binadamu. Redio za bei ya chini kabisa zilitumia umeme mnyoofu badala yake, na ndizo zilizokuwa na ule mvumo wa "shiii" usiovumilika.

Baada ya vita Mmarekani Jack Mullin alirudi kwao na mashine mbili za Kijerumani, mwimbaji Bing Crosby akazipenda, kampuni ya Ampex ikaanza kuunda za kwake, na Crosby akampa moja rafiki yake mpiga gitaa, Les Paul. Hapo ndipo habari ya wanamuziki wa nyumbani inapoanza kwa kweli. Les Paul aliongeza hedi nyingine kwenye mashine ile ili aweze kusikia alichokwisha kupiga, apige juu yake, na vyote viwili viandikwe pamoja. Mwaka 1951 yeye na mkewe Mary Ford walikuwa na wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Marekani, "How High the Moon", walioutengeneza nyumbani kwao Queens, New York, kwa kurundika sauti juu ya sauti. Mary alijiitikia mwenyewe. Ila kila safu mpya ilifuta ya zamani: ukikosea safu ya kumi na mbili, unaanza upya kutoka ya kwanza.

Dawa ya hilo ni kuigawa kanda kwa urefu wake, kama shamba linavyogawiwa matuta, kila ala iwe na njia yake. Ilibaki shida moja. Mashine kubwa zilikuwa na hedi ya kurekodi na hedi ya kusoma, zimetengana kwa sentimita kadhaa. Mwimbaji anasikiliza gitaa kutoka hedi ya kusoma, anaimba, sauti yake inaandikwa kwenye hedi ya kurekodi iliyo nyuma, na siku ya kusikiliza sauti inachelewa sehemu ya sekunde nyuma ya gitaa. Ross Snyder wa Ampex alitoa jawabu katikati ya miaka ya 1950: hedi ya kurekodi yenyewe itumike kusoma njia za zamani wakati inaandika mpya. Sauti inakuwa hafifu kidogo, lakini mapigo yanakaa pamoja. Mwaka 1957 Les Paul alipelekewa mashine ya njia nane. Ilikuwa kubwa kama kabati na bei yake ilikuwa ya tajiri.

Nyumba ya kawaida ilisubiri. Philips walitoa kaseti mwaka 1963. Lou Ottens, aliyeongoza kazi hiyo, alikuwa akitembea na kipande cha mbao mfukoni mwa koti kuona ukubwa gani hausumbui. Ilikusudiwa kwa maneno, mahojiano na maagizo ya ofisini. Kisha mwaka 1979 kampuni ya Kijapani TEAC ikatoa Portastudio 144. Kaseti ya stereo ina njia nne, mbili za upande A na mbili za upande B zinazokwenda kinyume. TEAC walizitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja na kuongeza mwendo mara mbili, hadi sentimita 9.5 kwa sekunde, ili mawimbi yarefuke na trebo, yaani sauti za juu, ipate pa kukaa. Kaseti ya dakika 60 ikawa na dakika 15 tu. Lakini mtu mmoja, kwenye chumba kimoja, angeweza kuwa bendi.

Tarehe 3 Januari 1982, nyumbani huko Colts Neck, New Jersey, Bruce Springsteen aliketi na mashine hiyo, maikrofoni mbili aina ya Shure SM57, gitaa na harmonika. Alikusudia kutengeneza mfano wa kuwapa bendi yake waujifunze. Njia nne zikachanganywa kupitia mashine ya mwangwi, zikaandikwa kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyowahi kutumbukia mtoni na kujaa matope. Kaseti hiyo ilikaa mfukoni mwake, bila kasha. Bendi ilipozipiga zile nyimbo studioni, zilipoteza kitu. Mwishowe kaseti yenyewe ndiyo ikatolewa kuwa albamu ya Nebraska, Septemba 1982, baada ya mafundi kuhangaika kweli kuihamishia kwenye santuri. Wanamuziki wa nyumbani huitaja albamu hiyo kila mara wanapotaka kuthibitisha kwamba vifaa si kitu. Mimi nadhani inathibitisha jambo jembamba zaidi: nyimbo zile zilikuwa za upweke, na chumba kile kilikuwa na sauti ya upweke ambayo studio haikuwa nayo.

Nieleze kazi yenyewe inavyofanyika, maana hapa ndipo ubishi wao unapochipukia. Tuseme una udi, tari, kinanda, besi na koo lako. Unapiga udi kwenye njia ya kwanza, besi ya pili, tari ya tatu. Njia ya nne iko wazi. Unaweza kuimba hapo ukamaliza. Lakini ukitaka waitikiaji, unachanganya njia tatu za kwanza, unazihamishia zote kwenye ya nne, na wakati zinahama unapiga kinanda moja kwa moja pamoja nazo. Sasa ala nne zimekaa njia moja, na njia tatu ziko huru tena. Unajaza mbili, unazihamisha pamoja na sauti moja ya papo hapo kwenye ya tatu. Unajaza moja, unaihamisha na nyingine kwenye ya pili. Ya mwisho unaiimbia. Hesabu: nne, tatu, mbili, moja. Sehemu kumi kwenye njia nne, na hakuna iliyohamishwa zaidi ya mara moja.

Gharama yake ni kwamba huwezi kurudi nyuma. Ukiona kesho kwamba tari imezidi, tari imeshikana na udi na hakuna wa kuitoa. Kompyuta inakupa nafasi ya kuahirisha kila uamuzi. Mashine ya njia nne inakulazimisha uamue kabla ya chakula cha mchana. Wapo wanaosema hilo ndilo linalowafanya wamalize nyimbo, na sina sababu ya kuwakatalia.

Gharama nyingine ni kelele. "Shiii" ya kanda inatokana na vijisindano vyenyewe: ni vingi, lakini idadi yake ina kikomo, na havikupangika sawasawa. Njia ikiwa pana, hedi inasoma vijisindano vingi zaidi kwa wakati mmoja. Sauti yao iliyopangwa inajumlishana yote, ilhali kelele isiyopangika inafutana kwa sehemu. Kila ukipanua njia mara mbili unapata faida ya desibeli 3. Njia ya kaseti ina upana wa milimita 0.6 hivi, na ndiyo maana studio kubwa zilitumia kanda ya inchi mbili inayokwenda kasi mara nane au kumi na sita. Kaseti bila msaada wowote ina desibeli 50 hadi 55 kati ya sauti kubwa na kelele yake. CD ina kama 96. Tofauti ya desibeli 40 ni nguvu mara 10,000. Kwa hesabu hiyo ushindani ulikwisha zamani, na anayesema kanda ina "ubora" zaidi ya dijitali hajui anachopima.

Ray Dolby, kwa mfumo wake wa B wa mwaka 1968, alipunguza kelele hiyo kwa karibu desibeli 10 kwa kupandisha trebo hafifu wakati wa kurekodi na kuishusha wakati wa kusikiliza. Wengi walirekodi bila Dolby wakasikiliza na Dolby, au kinyume chake, wakailaumu kaseti.

Basi utamu unatoka wapi? Kwanza, kanda inashiba. Vijisindano vikishapangika vyote, umeme zaidi hauongezi kitu. Kwa kuwa vinashiba polepole, sauti kubwa haikatwi kichwa ghafla kama inavyokatwa kwenye dijitali, inaviringwa. Kofi la tari linapoteza ncha yake kali na kukaa karibu na sauti nyingine. Pamoja na kuviringwa inazaliwa sauti mpya, hasa yenye mitetemo mara tatu ya ile ya asili: piga noti ya mitetemo 200, kanda inakuongezea kidogo ya 600. Kimuziki hiyo ni oktavo moja na noti ya tano juu yake, yaani noti inayopatana na ile uliyoipiga. Mashine inaharibu, lakini inaharibu kwa kufuata muziki. Wanaosukuma sindano ya mita iingie kwenye nyekundu wanatafuta hicho, na wanajua wapi pa kusimama: zaidi kidogo tu na sauti ya mwimbaji inakuwa mchanga.

Pili ni mwendo. Mota, belti na kile kigurudumu cha mpira havizunguki sawa daima. Mwendo ukibadilika kwa asilimia 0.3, noti inayumba kwa moja ya ishirini ya nusutoni. Kinanda kinasikika kama kinapumua. Mashine nyingi za njia nne zina kitasa cha kubadili mwendo kwa makusudi, na kwa kuwa nusutoni moja ni karibu asilimia 6, mwimbaji asiyeifikia noti ya juu hushusha mwendo wa kanda, akaimba kwa raha, kisha akaurudisha. Sauti inatoka nyembamba kidogo, ya kitoto. Ukiigeuza kaseti upande wa pili kila kitu kinakwenda kinyumenyume, na gitaa lililogeuzwa hivyo limetumiwa hadi limechosha.

Ubishi juu ya aina ya kanda ni mrefu kuliko unavyostahili. Kwa ufupi: kanda ya kromu ina kelele ndogo kwenye trebo kuliko ya kutu ya kawaida, na mashine nyingi za njia nne zimepimiwa hiyo. Kaseti za dakika 60 ni nene kuliko za 90. Za 120 ni nyembamba mno, mashine huzila, na sumaku ya mzunguko mmoja hujichapa kwenye mzunguko wa jirani hadi ukasikia neno la kwanza la wimbo likinong'onwa kabla halijaimbwa. Kanda mpya bado zinatengenezwa, Springfield huko Missouri na Avranches huko Ufaransa, kwa hiyo hakuna haja ya kugombania kaseti za zamani kwa bei za ajabu.

Wengine hawataki hata njia nne. John Darnielle wa The Mountain Goats alirekodi albamu yake All Hail West Texas ya mwaka 2002 kwa redio kaseti ya Panasonic na maikrofoni iliyomo ndani yake. Nyuma ya gitaa unasikia mota ya mashine ikisaga, kwa sababu maikrofoni na mota vinakaa kwenye plastiki moja. Sisi huku Afrika Mashariki tunaijua sauti hiyo bila kufundishwa. Ndiyo sauti ya harusi zilizorekodiwa kwa redio iliyowekwa kwenye kiti karibu na spika. Na tunajua jambo jingine ambalo redio hizo hulifanya: zina kifaa kinachopandisha sauti chenyewe ukumbi ukitulia na kuishusha ukilipuka. Mwimbaji akinyamaza, mlio wa vikombe, watoto na feni unavimba polepole hadi unajaa kanda. Akianza ubeti, vyote vinazama mara moja.

Kanda za namna hiyo zilitembea. Huko Marekani, R. Stevie Moore alirekodi nyumbani mamia ya kaseti na kuziuza kwa posta. Mwethiopia Hailu Mergia alirekodi Washington mwaka 1985 albamu ya akodioni na vinanda vya umeme akiwa peke yake. Kaseti yake ikaja kuokotwa dukani Bahir Dar na kutolewa upya mwaka 2013, wakati yeye anaendesha teksi. Mombasa nayo, taarabu iliishi kwenye kaseti. Yalikuwepo maduka kama Mbwana Radio Service yaliyorekodi na kunakili, na nyimbo nyingi za mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, zilisambaa kwa kanda za harusini, kutoka mkono hadi mkono, hadi Lamu, Unguja na Ghuba. Nchini Tanzania, studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam ilibeba mzigo wa bendi karibu zote kwa miaka mingi. Kilichopigwa nje yake, sebuleni au kwenye maulidi, kama kilihifadhiwa basi kilihifadhiwa kwa kaseti ya mtu.

Nakala ya nakala ina hesabu yake. Kelele ya kanda ya pili inajumlishwa kwenye kelele ya kanda ya kwanza, na zikiwa sawa, jumla inapanda desibeli 3. Kuyumba kwa mwendo kunajumlishwa. Kushiba kunajumlishwa. Lakini kinachoharibu zaidi ya vyote ni kitu ambacho watu wengi hudhani ni uzee wa kanda. Ufa wa hedi unatakiwa kusimama wima kabisa dhidi ya kanda. Ukiinama, ncha ya juu ya ufa inasoma wimbi moja na ncha ya chini inasoma jingine, nayo yanafutana. Kwa njia ya milimita 0.6 na wimbi la milimita 0.0048, mwinamo wa chini ya nusu ya digrii unalifuta kabisa. Kwa redio ya mono, ambayo njia yake ni pana mara mbili na zaidi, hata robo ya digrii haihitajiki. Sasa, mwinamo wa mashine ya jirani yako si wa mashine yako. Kanda iliyorekodiwa kwake inasikika kwako kama imefunikwa blanketi, na ukiinakili ikiwa hivyo, trebo iliyopotea imepotea kwa wote watakaofuata. Kwenye kanda ya kwanza, hata hivyo, bado ipo. Inasubiri hedi yenye mwinamo uleule.

Kwa hiyo wewe mwenye sanduku la kaseti uvunguni, usianze na ile yenye jalada zuri. Tafuta ile iliyorekodiwa siku yenyewe, hata kama imeandikwa kwa kalamu na imechubuka. Vunja vile vibawa viwili vya plastiki mgongoni ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ukiona ukungu mweupe kwenye kanda, usiicheze. Itauhamishia kwenye hedi na kwenye kaseti nyingine zote. Kile kipande cha sufi kikiwa kimebanduka, kibandike kwanza, la sivyo kanda haitabana kwenye hedi na trebo haitatoka. Halafu ipeleke kwa fundi mwenye dawati la kaseti lililo zima, na umwambie asiunganishe kompyuta kabla hajagusa skrubu ndogo iliyo kando ya hedi: aizungushe polepole kanda ikiwa inacheza, hadi "s" za mwimbaji zifunguke, na afanye hivyo upya kwa kila kaseti. Faili lihifadhiwe bila kubanwa. Andika tarehe na mahali. Na kama mwimbaji au mpiga udi wa siku ile yuko hai, mpelekee nakala mapema, kwa sababu majina ya waliopiga tari na walioitikia hayakuandikwa kwenye jalada, anayeyajua ni yeye.